Kuzuia Kufa kwa Chembe za Neva, na Deni Langu kwa Mwalimu

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote la kielimu litakalowafaa vijana. Wengi waliopata nafasi hii kabla yangu walizungumza juu ya nidhamu, juu ya kilimo, au juu ya namna ya kutafuta kazi. Mimi nimechagua jambo ambalo kwa kusikia mara ya kwanza litaonekana liko mbali nasi: jinsi wataalamu wanavyojaribu kuzuia chembe za neva zisife, ili kutibu magonjwa yanayoula ubongo wa mwanadamu pole pole.

Sikulichagua kwa kutaka kuonyesha usomi. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali niliyesoma biolojia na kemia chuo kikuu, kisha nikaishia kwenye meza na majalada kama wengi wenu. Nimelichagua kwa sababu nina deni katika shule hii, na dawa ya deni, kama wasemavyo wahenga, ni kulipa.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha nne, tena kiranja. Tulikuwa na mwalimu wa Biolojia ambaye jina lake sitalitaja, kwa kuwa sikumwomba ruhusa alipokuwa hai. Waliosoma miaka ile wanamjua. Mwandiko wake ubaoni ulikuwa sifa ya shule: mkubwa, ulionyooka, hata aliyekaa nyuma kabisa aliusoma bila taabu. Mwaka ule mwandiko ulianza kupungua. Mstari ulianza na herufi kubwa ukaishia na herufi ndogo kama sisimizi. Sauti yake nayo ikashuka, tukawa tunapiga kelele kutoka nyuma, "Mwalimu, hatusikii!" Uso wake ukawa haucheki wala haununi. Alitembea mkono mmoja ukining'inia bila kupunga. Na alipokaa kitini kutungoja tumalize zoezi, mkono ule ulitetemeka juu ya paja, kidole gumba kikisuguana na kidole cha shahada kama mtu anayehesabu noti.

Sisi tulimpa jina. Tulimwita "Jenereta." Na aliyekuwa hodari wa kumwigiza bwenini, kabla ya taa kuzimwa, nilikuwa mimi. Baadhi ya waliocheka usiku ule wameketi humu ndani leo.

Kisha tukafanya baya zaidi. Tuliandika barua kwa uongozi wa wakati ule, tukasema Mwalimu anaingia darasani amelewa. Mwandiko wa barua ile ni wangu. Hakuna aliyempeleka Mwalimu hospitali, wala aliyemwuliza anajisikiaje. Aliondolewa darasani akapewa kazi ya kutunza stoo ya vitabu, na miaka miwili baadaye akastaafu kabla ya wakati wake. Ndugu zangu, mtu yule hakuwa mnywaji. Hakupata kuionja pombe maishani mwake.

Mwaka 2011, nikiwa safarini kikazi, nilipita kijijini kwake. Nilimkuta amekaa barazani, mkewe akimlisha uji kwa kijiko. Mama yule ndiye aliyeniambia kwamba miaka miwili nyuma yake, katika hospitali ya rufaa, daktari alikuwa amemtazama Mwalimu anavyoinuka kitini na kutembea, akautaja ugonjwa: Parkinson. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu alipoanza kupunguza mwandiko hadi siku ile alipopewa jina la kinachomsumbua.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, maana maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida. Kisha akasema, "Mliona sawasawa. Mliona mkono unatetemeka. Kosa lenu ni kwamba hamkuuliza kwa nini." Akanipa zoezi, kama zamani: niende nikasome chembe za neva zinakufa vipi na watu wanafanya nini kuzizuia, kisha nije nimweleze. Tangu siku ile, kila likizo nilimpelekea taarifa. Ninayowaeleza leo ni taarifa zile, pamoja na mengine yaliyotokea baada ya yeye kufariki mwaka 2018.

Taarifa ya kwanza ilihusu chembe zenyewe, au seli, kama mnavyoziita vitabuni. Ubongo wa mtu mzima una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Ngozi ikichunika huota nyingine. Damu ikipungua mwili hutengeneza nyingine. Lakini chembe za neva, isipokuwa katika sehemu chache sana, ni zile zile ulizozaliwa nazo. Mtu wa miaka 80 anafikiri kwa chembe alizokuwa nazo akiwa mchanga. Ikifa moja, haina mrithi.

Katika ugonjwa wa Parkinson, chembe zinazokufa zaidi ziko chini katikati ya ubongo, mahali padogo penye rangi nyeusi. Kazi yao ni kutengeneza kemikali iitwayo dopamini, na kwa dopamini hiyo ubongo hupanga mwendo wa viungo. Ikipungua, mwendo huwa mzito, viungo hukakamaa, mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, mwandiko na sauti hupungua. Lakini ubongo ni mvumilivu. Hufidia upungufu kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua, na dalili zinapojitokeza sehemu kubwa ya chembe zile zimekwisha kufa. Ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa kwa ndani. Nyumba inasimama, na mwenye nyumba analala usingizi, mpaka siku ile mtu anapoegemea ukuta. Kwa hiyo mwandiko wa Mwalimu ulipoanza kupungua mwaka 1996, huo haukuwa mwanzo wa ugonjwa. Chembe zilikuwa zinakufa tangu alipokuwa akituandikia kwa herufi kubwa.

Taarifa ya pili ilihusu dawa aliyokuwa akimeza. Ugonjwa huu ulielezwa vizuri kwa mara ya kwanza na daktari wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Aliandika juu ya wagonjwa 6, na baadhi yao aliwaona tu wakipita barabarani. Angalieni uwezo wa jicho linalouliza. Lakini ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya kupatikana dawa ya maana. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowanyima nguvu za kutembea, kisha akawachoma sindano ya levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Sungura wakainuka. Mwaka 1960 huko Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake Herbert Ehringer walipima bongo za watu waliokufa na ugonjwa huu wakakuta dopamini imepungua sana. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kwamba levodopa ikimezwa kwa kipimo kikubwa kinachopandishwa pole pole, waliokuwa wamekakamaa huweza kutembea tena.

Hapa nina habari ambayo vijana wataipenda. Levodopa hupatikana kwa wingi katika mbegu za mmea mnaoujua sana, maana bado nasikia mnawawekea wenzenu kitandani. Ni upupu! Wataalamu wa India waliichuja levodopa katika mbegu za upupu tangu mwaka 1937. Mwalimu aliposikia hayo alicheka, na kicheko kwa mgonjwa wa namna ile si jambo dogo. Lakini nawaonya: mtu asiende porini kuchuma upupu akautafuna kwa kudhani amepata tiba. Kipimo chake hakijulikani kutoka mbegu hadi mbegu, na dawa iliyozidi hudhuru kama iliyopungua. Nimeutaja ili mjue kwamba kilicho porini kwetu kinaweza kuwa kimebeba jambo kubwa, akipatikana wa kukichunguza kwa utaratibu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Levodopa humrudishia mgonjwa mwendo, lakini haizuii chembe zisife. Ni sawa na kuazima maji kwa jirani wakati kisima chako kinaendelea kukauka. Baada ya miaka kadhaa dawa hufanya kazi kwa saa chache tu, kisha huisha nguvu, na mgonjwa huanza kujinyonganyonga bila kutaka. Mwalimu aliyajua hayo kwa mwili wake. Swali lake kwangu lilikuwa: kwa nini tusizuie kisima kisikauke?

Hiyo ikawa taarifa ya tatu. Chembe hai inaweza kufa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kifo cha ajali: chembe inakosa hewa au inaunguzwa, inavimba na kupasuka. Ya pili ni kifo cha mpango. Chembe hujikunja, hujikatakata yenyewe, na jirani zake humeza mabaki bila fujo. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa kifo hicho jina la apoptosisi, neno la Kigiriki lililotumika kwa majani yanayopukutika mtini. Kifo hicho si kibaya kila wakati. Mikono yenu, vijana, tumboni mwa mama ilikuwa na utando kati ya vidole kama miguu ya bata. Utando ukafa kwa mpango, vidole vikapatikana.

Waliogundua mitambo ya kifo hicho waliichunguza kwa mnyoo mdogo wa milimita moja. Mnyoo huyo anapokua hutengeneza chembe 1,090, na kati yake 131 hufa, daima zile zile na kwa wakati ule ule. Robert Horvitz wa Marekani akaonyesha kwamba zipo jeni zinazoamuru kifo, na ipo jeni inayokizuia. Yeye, Sydney Brenner na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi nilikuwa chuo kikuu mwaka ule, na nakumbuka mhadhiri wetu alivyoingia darasani kwa furaha. Hoja ilikuwa nyepesi kuelewa: ikiwa kifo kina amri, basi amri inaweza kubatilishwa.

Jambo jingine lililotia matumaini lilitokana na msiba. Mwaka 1982, katika jimbo la California, vijana kadhaa walijidunga dawa za kulevya zilizotengenezwa kienyeji. Ghafla wakakakamaa kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake wakafuatilia, wakakuta dawa ile ilikuwa na sumu iitwayo MPTP. Ikifika katika ubongo, kimeng'enya fulani huigeuza, kisha huingia katika zile chembe za dopamini na kuzima vinu vyao vya nguvu. Kwa mara ya kwanza watafiti wakaweza kusababisha ugonjwa unaofanana na Parkinson kwa wanyama, na kujaribu dawa za kuuzuia. Waliona kwamba ukikizuia kimeng'enya kile, mnyama hapati madhara.

Basi majaribio kwa binadamu yakaanza. Mwaka 1987 Marekani na Kanada walianza jaribio la wagonjwa 800 kwa dawa ya selejilini, inayozuia kimeng'enya kile, na kwa vitamini E. Vitamini E haikufaa kitu. Selejilini iliwachelewesha wagonjwa kuhitaji levodopa kwa miezi kadhaa, watu wakashangilia. Baadaye ikaonekana kwamba dawa ile hupunguza dalili yenyewe, kwa hiyo haikuweza kusemwa kwamba imeokoa chembe. Likafuata jaribio la dawa iliyotengenezwa makusudi kuzuia amri ya apoptosisi, iliyoitwa CEP-1347. Wagonjwa 806 wa hatua za mwanzo waliingia. Mwaka 2005 jaribio likasimamishwa, maana dawa haikusaidia.

Nilipompelekea Mwalimu habari hiyo nilidhani itamvunja moyo. Aliniuliza, "Walichukua wagonjwa wa hatua ipi?" Nikamjibu kwamba ni wale ambao hawajaanza bado kumeza levodopa. Akasema, "Mwaka 1996 ningefaa." Hakusema neno jingine jioni ile, na mimi sikuwa na la kumjibu. Sisemi kwamba kama tungempeleka hospitali mwaka ule chembe zake zingeokolewa. Haikuwapo dawa ya kuziokoa. Lakini angepata levodopa miaka 13 mapema, angefundisha miaka mingi zaidi, na angekuwa mgonjwa machoni pa watu badala ya kuwa mlevi.

Kwa nini majaribio yale yalishindwa? Nilichojifunza ni mambo matatu. Kwanza, yalichelewa: mgonjwa anapoletwa, nyingi ya chembe zimekwisha kufa, na zilizobaki ni dhaifu. Pili, kuzuia amri ya mwisho ya kifo hakuondoi kilichoiletea chembe ugonjwa. Ukimkamata mkono mtu anayetaka kujitupa kisimani, hujamwondolea lililomsibu. Tatu, mnyama aliyepewa sumu huharibika kwa siku chache, ilhali binadamu huharibika kwa miaka mingi. Kinachomfaa mmoja si lazima kimfae mwingine.

Lakini Ndugu Mwenyekiti, lisije likafahamika kwamba jambo hili haliwezekani. Taarifa ya furaha kuliko zote niliyompelekea Mwalimu ilikuwa ya watoto. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro katika jeni moja, iitwayo SMN1. Chembe zao za neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli hufa. Wenye hali mbaya hawawezi hata kukaa, na wengi wao walikuwa hawafikishi miaka miwili. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo nusinersen, inayochomwa katika maji ya uti wa mgongo, inayoifanya jeni nyingine ya akiba itoe protini inayokosekana. Watoto waliopimwa mapema wakapewa dawa kabla ya dalili kutokea walikaa, na wengi wao wakatembea. Chembe ambazo zingekufa hazikufa. Mwaka 2023, Mwalimu akiwa amekwisha kututoka, Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo, tofersen, kwa wale wachache wenye ugonjwa wa neva za mwendo unaotokana na kasoro katika jeni ya SOD1.

Kufaulu huko kumetokana na mambo mawili: chanzo kilijulikana, na dawa ilitolewa mapema. Wala msidhani somo hilo ni la nchi tajiri tu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika wilaya ya Tarime walipooza miguu ghafla. Walikuwa wamekula muhogo mchungu ulioandaliwa haraka, bila kuloweka na kukausha vya kutosha, kwa sababu ya njaa, na chakula chao hakikuwa na protini ya kutosha. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Huharibu neva za mwendo kwa sumu ya sianidi, na aliyeharibika haponi. Hauna tiba, lakini unazuilika kabisa kwa kuloweka na kukausha muhogo inavyopasa na kwa kuchanganya vyakula. Bibi zetu waliojua kuandaa muhogo walikuwa wakilinda chembe za neva kabla ya mtu yeyote kuandika neno hilo.

Katika Parkinson chanzo bado hakijakamatika chote. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba ndani ya chembe zinazougua kuna madonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini, na tangu hapo watafiti wengi wanatafuta namna ya kuyazuia. Wengine wamejaribu dawa za kisukari. Mwaka 2024 jaribio la Ufaransa la watu 156 lilionyesha nafuu ndogo kwa lixisenatide. Mwaka 2025 jaribio la Uingereza kwa dawa ya jamii hiyo hiyo, exenatide, halikuonyesha faida. Hadi leo nisimamapo hapa hakuna dawa iliyothibitika kuzuia chembe hizo zisife katika Parkinson. Anayewauzia dawa kwa ahadi hiyo, iwe ya kopo au ya mizizi, anawadanganya. Linalojulikana ni kwamba baadhi ya sumu za mashambani, kama parakwati, zimeonekana kuongeza hatari. Kwa hiyo mkulima anayepiga dawa bila kinga, na kijana anayeoshea pampu mtoni, wajihadhari.

Sasa niwarudishe nyumbani. Kati ya mwaka 2005 na 2006 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, penye wakazi 161,071. Walikuta watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Waliishi nao wakidhani ni uzee, au wakiambiwa ni mkono wa mtu. Levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini kuwamo katika orodha si kuwamo katika duka la dawa la kijijini, na mke wa Mwalimu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya vidonge.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi matatu, kisha nitakaa.

La kwanza ni kwa vijana. Mkimwona mtu mkono unamtetemeka akiwa amepumzika, mwandiko umepungua, sauti imeshuka, uso umeganda, hatua zimekuwa fupi, msimpe jina. Mwambieni mkubwa anayeweza kumfikisha kwa daktari. Si kila mtetemo ni Parkinson. Ipo mitetemo yenye sababu nyingine, na baadhi inatibika kwa urahisi. Ndiyo maana anatakiwa daktari, si kiranja mwenye kalamu.

La pili ni kwa wenzangu wanafunzi wa zamani. Mwaka jana tulichanga tukapaka rangi bwalo hili, na limependeza. Napendekeza mwaka huu tuanzishe mfuko wa kuwasaidia walimu wetu wastaafu kupata dawa, uwe chini ya kamati, na hesabu zake zisomwe kila mkutano. Wako walimu waliotufundisha ambao hivi sasa wanameza nusu ya kidonge ili kifike mwisho wa mwezi. Mimi naanza kwa mshahara wangu wa mwezi mmoja, na stakabadhi nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina.

La tatu ni kwa wale wachache kati yenu, vijana, wanaopenda Biolojia. Ugunduzi wa mnyoo ule ulihitaji darubini na subira ya kuhesabu chembe moja moja. Uchunguzi wa Hai ulihitaji watu wa kutembea kwa miguu na kubisha hodi. Kazi ya kutafuta kwa nini chembe za neva hufa haijakwisha, na hakuna iliposemwa kwamba lazima imalizwe na wageni.

Mwisho, nina ombi moja kwa Ndugu Mkuu wa Shule. Mimi ni mtu wa majalada, najua kwamba karatasi iliyoingia jaladani haitoki. Barua yetu ya mwaka 1996 ingali ndani ya jalada la Mwalimu. Nimeiona kwa macho yangu wiki hii, kwa ruhusa ya ofisi. Siombi ichanwe. Naomba nakala ya hotuba hii, yenye sahihi yangu, ipewe namba na kuwekwa katika jalada hilo hilo, juu ya barua ile, ili atakayelifungua siku zijazo aanze kusoma hii.